Mguu au Sakafu

Mwanamke anayechomelea vyuma hana muda wa kuzungusha maneno. Shoto alilijua hilo kabla hajavuka geti, maana Fundi, mpenzi wake, alimwonya njia nzima: mama akikuuliza, jibu, usimpambe, usijidekeze, na usimwambie nyumba yake ni nzuri, ataona unamcheka.

Karakana ilikuwa uani, mbele ya nyumba yenyewe. Fremu za madirisha ziliegemezwa ukutani, na katikati ya uwanja geti kubwa lililazwa juu ya matofali likingoja rangi ya kuzuia kutu. Mama yake Fundi alizima mashine, akainua kinyago cha kuchomelea, akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi nywele. Mikono yake ilikuwa na madoa madogo ya moto, mengine ya miaka, mengine ya wiki hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe binti wa daktari wa meno."

"Ndiye mimi."

"Uliyemfanya huyu wangu aoge mara mbili kwa siku." Akavua glavu, akazitupa juu ya meza ya kazi. "Ingia ndani. Ukisimama hapa cheche zitakutoboa gauni."

Hapo Shoto alipaswa kufurahi. Miezi saba aliingoja siku ya kuitwa kwenye nyumba hii, na sasa ameitwa mchana kweupe, si kwa kujifichaficha, na mama mwenyewe amemfanyia utani. Badala yake alivuka kizingiti kama mtu anayeingia dukani akiwa na kitu cha dukani humo humo mfukoni.

Mama huyu hakumtaka tangu mwanzo. Alimkataa kwa neno moja: hatulingani. Alisema watu wenye nyumba ya ngazi watamchukua mwanawe wamgeuze fundi wa nyumbani, awe anaitwa bomba likivuja na kusahauliwa likikauka. Upande wa pili haukuwa mtamu zaidi. Mama yake Shoto kila alipoulizwa na mashoga zake kijana anatoka familia gani, alisema mama yake "anafanya kazi za mikono", kisha akakohoa.

Aliyeibadilisha nyumba hii hakuwa Fundi. Alikuwa Sindano, dada yake mdogo Fundi na mwanatimu mwenzake Shoto, ambaye alimzungusha mama yake kwa maneno jioni baada ya jioni wakiosha vyombo. Alimwambia kwamba kwenye mchezo wao wa vitara, wa kupigana kwa panga nyembamba, mtu hawezi kujificha. Ukipigana na mtu miaka miwili unajua kama ni mwoga, kama ni mchoyo, kama ana hila. "Mama, namjua huyu dada kuliko Kaka anavyomjua," alisema. "Ni mtu wa kweli." Fundi ndiye aliyemsimulia Shoto maneno hayo, akicheka kwa furaha. Shoto alicheka pia. Usiku huo hakulala.

Timu ya vitara ya chuo chao haikuwa ya watoto wa mabwana kama watu walivyodhani wakiwaona na makoti yao meupe na panga nyembamba mkononi. Nahodha, waliyemwita Wakili kwa kuwa alisoma sheria na kubishana hata na ukuta, alikuwa binti wa dereva wa lori. Mwenzake, Taratibu, alilelewa na bibi yake mshona mapazia, na ndiye aliyetia viraka kwenye yale makoti meupe kila yalipochanika kwapani. Shoto, aliyepewa jina kwa ajili ya mkono wake wa kushoto, ndiye pekee aliyekulia kwenye nyumba ya ngazi, na hawakumwacha apumue: akichelewa mazoezi walimuuliza kama alipotea njia akishuka. Na Sindano, mwembamba, wa kuchoma mara moja akatoka, alianza mchezo huu hapa hapa uani, kwa kupigana na kaka yake kwa vipande vya nondo.

Fundi mwenyewe hakucheza. Alisoma uhandisi wa umeme, na kazi yake kwenye timu ilikuwa waya, taa na vitara. Pambano likiwa kubwa, alipewa na kazi ya kulinda sakafu.

Kazi hiyo inahitaji maelezo, maana dhambi yote imelala hapo. Kitara chao kina kitufe kwenye ncha; kikibonyea, taa inawaka na pointi ni yako. Mwili mzima unaruhusiwa kuguswa, kuanzia kinyago cha wavu hadi kidole cha mguu. Lakini taa haina macho. Ncha ikigonga sakafu, inawaka vilevile. Vyuo vikubwa hutandika zulia la chuma linaloizuia taa kudanganywa. Wao walikuwa na mbao tupu, kwa hiyo kila upande alisimama mtu wa kutazama miguu. Zaidi ya hapo kulikuwa na desturi ya Kocha, ambayo kila aliyejiunga aliambiwa siku ya kwanza kabla hata ya kupewa glavu: mchezaji mwenyewe husema. Umegonga sakafu, unasema sakafu, pointi inafutwa, mnaendelea.

Wiki mbili zilizopita ilibaki nafasi moja ya kwenda mashindano ya nje. Shoto na Sindano waliwekwa kuigombania. Shoto alikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake alikuwa amekwisha kuwatangazia wagonjwa wake wote kwamba binti anasafiri, watu walioachama midomo wasiweze hata kumpongeza. Sindano alikuwa mwaka wa pili, lakini nani asiyejua kwamba ndiye aliyekuwa bora?

Walifika pointi kumi na nne kwa kumi na nne, na atakayepata ya kumi na tano ndiye mshindi. Shoto alishuka chini ghafla, mkono wa kushoto mbele, akaulenga mguu wa Sindano. Mguu ukiuchoma unaimeza ncha kidogo. Sakafu hairuhusu, inairudisha hadi kwenye kiwiko. Shoto aliusikia ugumu ule kwenye kiwiko, na alijua kabla taa haijawaka.

Kocha alimtazama. "Mguu au sakafu?"

"Mguu," Shoto akasema.

Sindano alikuwa anavua kinyago, jasho linamtiririka. Alisema hakuhisi kitu, kiatu chake ni kinene, ila huyu akisema mguu, basi ni mguu. Kocha akamgeukia Fundi, aliyekuwa amechutama karibu na miguu ya mdogo wake. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Basi. Neno moja na kichwa kimoja. Tangu siku hiyo Shoto alijiambia kwamba Fundi hakuona, amemwamini tu, na imani ile ilimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Mezani kulikuwa na chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Mama aliuliza aliyotaka kuuliza. Baba yake anajua yuko hapa? Anajua. Anaweza kuamka saa kumi na moja? Anaweza, mazoezi yao huanza mapema. Wakigombana na Fundi, nani huomba radhi kwanza? Shoto alisema ni Fundi, na mama akasema hilo alilijua, alitaka kuona kama ataambiwa ukweli. Shoto akainamia kikombe.

Kisha Sindano akatoka chumbani na mfuko wa kitambaa, akauweka mapajani mwa mgeni.

"Fungua, wifi."

Vilikuwa viatu vyake vya vitara, vile vyeupe vya ngozi nene, jozi pekee ya kweli katika timu nzima. Wengine walivaa raba. Vilikuwa vimepakwa rangi upya na kutiwa kamba mpya.

"Miguu yetu saizi moja, nimekuchunguza," Sindano alisema. "Mimi nitavivalia wapi? Nenda navyo. Nikiviona kwenye picha nitajua na mimi nimefika, walau kuanzia kifundo kwenda chini."

Mama alicheka, akasema Shoto asimwone mwenzake anatania. Alilia siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo akaanza kupaka viatu rangi. "Nilimuuliza, wewe huna wivu? Akaniambia, mama, amenishinda kihalali, nitamwonea wivu wa nini?"

Shoto alisema ndani kuna joto. Halikuwepo. Akauweka mfuko juu ya kiti, akatoka.

Fundi alimkuta nyuma ya mabati, mahali mama alipoweka vyuma chakavu. Alisimama karibu naye kama alivyozoea, bega likigusa bega, na kwa mara ya kwanza Shoto alisogea pembeni.

"Siwezi kuvivaa vile viatu."

"Vinabana?"

"Ilikuwa sakafu."

Fundi hakuuliza sakafu gani. Aliokota kipande cha waya, akaanza kukikunja.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Niliona. Ncha iliangukia vidole vinne kutoka kwenye kiatu chake. Ilichubua ubao, alama ipo mpaka leo. Nimeisogezea mkeka."

Jambo la kwanza lililompitia Shoto halikuwa hasira, na hilo lilimwaibisha baadaye kuliko mengine. Lilikuwa utamu. Mtu huyu alimpenda kiasi hicho: alimwona anaanguka, akaanguka naye. Alitamani kumshika uso. Utamu ulidumu kama pumzi mbili, kisha ukageuka mdomoni, maana alimkumbuka aliyelipia.

"Kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa umeshasema mguu. Nikuite mwongo mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Ungenisamehe?"

Shoto alitaka kusema angemsamehe. Lakini siku ile, na jasho lile, na baba yake na wagonjwa wake, asingemsamehe, na wote wawili walilijua hilo. 

Fundi alianza kusema kwa haraka, kwa sauti ya chini. Majina yamekwisha kupelekwa. Sindano amekwisha kupoa, anaimba bafuni tena. Waache safari ipite, mwaka upite, watamwambia siku moja wakiwa wote watu wazima na jambo limekuwa la kuchekesha. Shoto alimsikiliza akaona kwamba hatetei safari. Alikuwa anaogopa.

"Baba alipofariki, Sindano alikuwa na miaka tisa," Fundi alisema. "Mama yuko kwenye mashine tangu asubuhi. Mimi ndiye nilimfunga kamba za viatu, mimi ndiye nilikwenda shuleni kwake walipomwonea. Hajawahi kuniuliza swali akalichunguza jibu. Akijua kwamba niliona nikanyamaza, atanitazama kwa jicho gani?"

"Nitasema yangu tu. Yako sitayagusa."

"Halafu unadhani swali la pili atamuuliza nani? Nilikuwa miguuni kwake."

Shoto aliangalia mikono yake ikikunja ule waya. Ilikuwa mikono aliyoipenda kabla hata hajampenda mwenyewe, mikono iliyomfungia waya mgongoni kabla ya kila pambano na kumgonga bega mara mbili: tayari. Alijua akiingia mle ndani huenda isimguse tena. Alijua pia kwamba asipoingia atakuwa mke wa mtu huyu siku moja, atakaa kwenye meza ile kila sikukuu, na kila Sindano atakapomwita wifi atataka kujificha chini ya meza.

"Nisubiri kesho," Fundi alisema. "Nipe leo tu."

"Kesho nitakuwa nimevichukua viatu."

Alipopita, Fundi alimshika kifundo cha mkono, ule wa kushoto. Walitazamana. Macho yake yalikuwa yanaomba na yanaona haya kwa kuomba. Kisha vidole vikalegea vyenyewe.

Ndani, Sindano alikuwa anapaka siagi kwenye kipande cha mkate, cha mgeni. Shoto hakukaa. Alijua akikaa maneno yatarudi tumboni.

"Sindano, ile pointi ya mwisho ilikuwa sakafu. Nilijua palepale. Nikasema mguu."

Kisu kiliendelea kupaka siagi hadi ukingo wa mkate, kikasimama. Mama aliweka kikombe chini. Sindano aliuliza, taratibu, kama mtu anayehakikisha anwani, kama alijua wakati ule ule au alikuja kufikiria baadaye. Wakati ule ule, Shoto alisema. Kwenye kiwiko.

Sindano aliitikia kwa kichwa, kidogo. Kiwiko alikielewa. Kisha akageuka, si kwa Shoto, bali mlangoni, ambako Fundi alikuwa amesimama na waya wake.

"Kaka. Wewe ulikuwa miguuni kwangu."

Kabla Fundi hajajibu, Shoto aliukuta uongo wa pili umekaa tayari kwenye ulimi wake: hakuona, nilimziba, alitazama pembeni. Ulikuja wenyewe, bila kuitwa, na wepesi wake ulimtisha. Akaufungia mdomo.

"Niliona," Fundi akasema.

Sindano aliweka mkate kwenye sahani.

"Kumbe mlikuwa wawili," alisema. "Na mimi peke yangu. Mnajua nimefanya nini wiki mbili hizi? Nimesimama mbele ya kioo asubuhi na jioni, narudisha mguu. Narudisha mguu. Nikasema nimeshindwa kwa sababu mguu wangu mzito."

Hakupaza sauti. Angepaza, Shoto angepata pa kushika.

Mama yake Fundi hakumfukuza mgeni. Alisema mengi kwa maneno machache, na mengi yalikwenda kwa mwanawe. Huyu binti amekosa, alisema, lakini amejileta mwenyewe kwa miguu yake. Wewe umengoja mpaka uulizwe, na wewe ndiye wa damu. Kisha akamsogezea Shoto simu aliyoiacha mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja kilichoungua. Majina yakikwenda yanaweza kurudi, alisema. Leo ni Jumamosi tu.

Shoto alipiga. Aliweka sauti iwe ya kusikika na wote, maana hakutaka tena kitu cha kusikia yeye peke yake. Kocha alipokea katikati ya kelele za watoto wake. Alipoambiwa, kelele zikapotea, kama mtu aliyefunga mlango.

"Rudia," Kocha alisema.

Alirudia. Alisema kwamba Fundi pia aliona, kwa kuwa Fundi mwenyewe amesema.

"Miaka kumi na mbili nafundisha," Kocha alisema. "Huwa nauliza mtu mmoja. Siku ile niliuliza watatu, na aliyesema kweli ni yule aliyesema hajui." Akaeleza yaliyobaki kwa ufupi. Jumatatu jina litabadilishwa, Sindano atakwenda. Shoto arudishe koti na kitara, na mwakani hatakuwepo, kwa hiyo hakuna cha kuzungumza. Fundi asikanyage ukumbini mpaka aitwe. Hakusema kwaheri.

Shoto alidhani Sindano atafurahi, hata kidogo, hata kwa kona ya mdomo. Sindano aliinuka, akakusanya sahani, akaziweka tena mezani bila kujua kwa nini. Alisema alitaka kwenda. Alitaka sana. Lakini alitaka kwenda akisindikizwa, na sasa waliokuwa wa kumsindikiza ni hawa.

"Asante kwa kusema, dada," alisema. Si wifi. Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mama alirudi uani bila kuaga. Fundi alitaka kumfikisha Shoto kwao, njia nzima, kama alivyomleta. Walifika getini tu.

"Bado unanitaka?" aliuliza.

"Nakutaka. Ningekuwa sikutaki ningekuwa nimelala vizuri." Shoto alijizuia asimshike. "Lakini usije kwetu kabla Sindano hajakusemesha. Ukija sitakufungulia."

"Na ikichukua mwaka?"

"Basi mwaka."

Fundi alimtazama, na katika kumtazama kule hakukuwa na lawama, ndiyo maana Shoto alishindwa kuondoka upesi. Kisha akageuka. Aliuvuka uwanja, akampita mama yake aliyekuwa anashusha kinyago, akaingia ndani. Kupitia mlango ulioachwa wazi Shoto alimwona amesimama mbele ya chumba cha mdogo wake, na alimsikia akibisha hodi, kijana ambaye hajawahi kubisha kwenye mlango ule tangu azaliwe.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani, ingawa mle nyumbani hapakuwa na mwanamume mwingine wa kubisha.

"Mimi."

Shoto alisimama barabarani, mkono juu ya geti, akingoja jibu lisilo lake. Mashine ya mama ikawaka, mwanga mkali ukajaa uani, na ikabidi atazame chini.